Kisutu cha Nyanya

Kisutu ni aina ya leso, na cha nyanya yangu kina rangi tatu kama visutu vyote: nyekundu, nyeupe na nyeusi. Nilikuwa nimekitandaza juu ya ubao wa plaiwudi, nimekibana pembe zote nne kwa misumari midogo, na juu yake nimefunga mita mbili za neoni nyekundu niliyoikunja ifuate mstari wa bega la mwanamke. Ilikuwa saa moja ya jioni, dirisha limeanza kuingia giza. Nikabonyeza swichi. Nusu ya leso ikapotea.

Sisemi kwa mafumbo. Nyeupe iligeuka nyekundu, nyekundu ikabaki nyekundu, mstari wa kati yao ukafutika. Maua yaliyochapwa kwa rangi hizo mbili hayakuwepo tena. Kilichosalia ni nyeusi peke yake, vidoa na mikunjo imeelea hewani bila kushikwa na kitu. Nikazima, maua yakarudi. Nikawasha, yakaondoka. Nikaketi juu ya ndoo ya rangi nikiwa nimekasirika kweli, kwa sababu kazi ya wiki tatu ilikuwa imeharibiwa na kitu nilichokinunua ili kiipambe.

Ilinichukua karibu miaka miwili kufahamu kwamba hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia.

Watu wakiniuliza natengeneza nini, huwa sina jibu fupi. Nabandika karatasi, leso na mabati juu ya ubao, kisha napitisha taa ndani yake. Wakati mwingine ubao unakataa kukaa ukutani, unatoka mbele, unakuwa sanamu. Jirani yangu karakana, ambaye hutengeneza viti, hunitambulisha kwa wageni kama "yule dada wa mataa." Nimeridhika na jina hilo.

Nimezaliwa Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, katika nyumba ya zile za ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia, hatua chache tu kutoka soko la Gikomba. Mtoto wa Majengo hukua akijua kitambaa kwa mkono. Nyanya alikuwa akishika nguo akiwa amefumba macho anakuambia ni pamba au ni uongo. Marobota ya mitumba yakifunguliwa alfajiri sisi watoto tulikuwa tunaokota vile vifungo na vipande vilivyokataliwa. Lakini mwanga niliupata kwingine, barabarani. Usiku tulikuwa tunasimama kando ya Barabara ya Jogoo kutazama matatu zikipita na taa zao za buluu na zambarau, muziki ukitangulia, gari lenyewe likifuata. Kisha mwaka 2004 sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, zikaanza kufanya kazi, matatu zikavaa ule mstari wa manjano, michoro na mbwembwe zikapotea kwa muda. Nilikuwa kidato cha pili. Nakumbuka nililihesabu kama msiba wa familia, jambo lililomchekesha sana baba, ambaye kwake matatu nzuri ni ile inayofika.

Baada ya shule nilichora vibao. Saluni, vinyozi, duka la simu, hoteli ya chapati na madondo. Kinyozi mmoja wa Shauri Moyo ndiye aliyenitia kwenye mataa. Nilimchorea kichwa cha kijana kilichonyolewa vizuri, akakitazama, akasema, "Sasa dada, nataka kiwake kama matatu ya Buruburu." Nikakubali kazi nisiyoijua, kama tunavyofanya wote, kisha nikaenda kutafuta mtu wa kunifundisha kabla ya Ijumaa.

Nilimpata Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kwenye vibanda vya vipuri. Alikuwa fundi wa nyaya za magari, mtu mfupi mwenye kucha nyeusi na subira ya ajabu. Kila nilichojua kuhusu umeme mpaka leo kimesimama juu ya siku nne nilizokaa naye nikimshikia tochi. Somo la kwanza halikuwa la mwanga hata kidogo.

"Huu waya mwekundu ni nini?" akaniuliza.

"Ni chanya, fundi."

"Nani amekuambia?"

"Si ni mwekundu?"

Akachukua testa, akagusa. Ulikuwa hasi. Fundi aliyemtangulia kwenye gari lile aliishiwa na waya mweusi akatumia aliokuwa nao. "Rangi ni maneno ya mtu," akasema. "Testa ndiyo itakuambia."

Nimeyaandika maneno hayo kwa chaki juu ya meza yangu ya kazi. Wageni wengi hudhani ni maneno kuhusu sanaa, nami siwasahihishi.

Nilipuuza somo lake mara moja tu. Nilinunua pale pale Grogan mkanda wa taa uliotolewa kwenye basi kubwa, nikauunganisha na adapta yangu ya volti 12, haukuwaka. Nikauona mbovu, nikautupa kwenye boksi. Mwezi uliofuata nikafanya kinyume: mkanda wangu mzuri wa volti 12 nikauchomeka kwenye adapta ya volti 24 niliyoazima. Uliwaka vizuri kuliko taa yoyote niliyowahi kuona, mweupe wa kuumiza jicho, kwa muda wa kumeza mate. Kisha ikaja harufu. Anayeijua harufu hiyo haisahau, kama samaki na nywele zimechomwa pamoja. Mabasi mengi makubwa hutumia volti 24, zile matatu ndogo za Nissan hutumia 12. Mkanda niliokuwa nimeutupa ulikuwa mzima kabisa.

Jambo jingine la Grogan ni hesabu ya mzigo, ambayo wasanii wengi huiruka halafu wanalaumu Wachina. Neoni ya silikoni ninayotumia hula takriban wati 10 kwa kila mita. Mita tano ni wati 50. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea nne na kitu. Muuza duka wa Luthuli Avenue atakupa adapta ya ampea tano na atakuapia inatosha, na kweli itatosha siku ile. Fundi wangu alikuwa akisema punda anayebebeshwa mzigo wake wote kila siku utamzika mapema. Nachukua ya ampea sita au zaidi. Na mkanda ukiwa mrefu sana, mwisho wake unafifia kwa sababu umeme unachoka njiani, hivyo naulisha kutoka pande zote mbili. Basi, hayo yanatosha kuhusu hesabu.

Risasi za kulehemu zilinitia matatani nyumbani. Nilimwambia mama kwa simu, huku natembea, kwamba siwezi kupita kula chakula cha mchana kwa sababu naenda River Road kununua risasi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Jioni nilikuta wajomba wawili wameketi sebuleni wakinisubiri.

Mpaka hapa nimekuwa nikiita neoni kitu ambacho, ukiwa mkali wa maneno, si neoni. Ni taa ndogo za LED zilizopangwa ndani ya bomba la silikoni. Ndizo zinazojaa Nairobi sasa, kwenye mikahawa na saluni na vyumba vya vijana wanaorekodi video. Neoni yenyewe ni gesi. Iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, wakaipa jina la Kigiriki lenye maana ya "mpya", na mwaka 1910 Mfaransa Georges Claude akaonyesha taa zake kwa umma kule Paris. Nayajua haya kwa sababu ya mzee mmoja aliyewahi kupinda vioo vya mabango ya maduka, ambaye niliambiwa bado anaishi Eastleigh na bado ana ulimi.

Nilimpelekea kipande changu cha silikoni kwa heshima, nimekifunga kwenye gazeti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini, mpira wa kumwagilia maua?"

Alinifanya nijisikie mjinga kwa muda wa saa nzima, na saa ile ilikuwa ya thamani kuliko kozi yoyote. Alinieleza jinsi bomba la kioo linavyopashwa moto likalegea, na fundi akiwa ameshika mrija wa mpira mdomoni, anapuliza kidogo kidogo wakati anapinda, ili bomba lisijibane ndani kwenye kona. Anapinda juu ya mchoro uliogeuzwa kama unaoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, kwa kuwa anafanya kazi kutoka nyuma ya maandishi. Kisha hewa inanyonywa yote, gesi inaingizwa kidogo, na transfoma inapeleka maelfu ya volti kutoka ncha hadi ncha. Neoni tupu hutoa ule wekundu wa kaa la moto. Ukitaka buluu unatumia argoni na tone la zebaki.

Kilichonishika zaidi kilikuwa rangi nyeusi. Bomba la neno zima ni moja, halikatiki. Kutoka herufi hadi herufi kioo kinaendelea kuwaka. Lakini msomaji hatakiwi kuona vile viungo. Kwa hiyo fundi anachukua rangi nyeusi na kupaka sehemu zote zisizotakiwa kusomwa. "Mwanga uko pale pale," Mzee akasema, "wewe tu huruhusiwi kuuona." Akanionyesha kipande pekee alichobakiwa nacho, herufi A ya duka lililokufa zamani, imepakwa nyeusi miguuni. Niliomba kuinunua. Alikataa. Nikaomba tena baada ya mwezi, akakataa. Mara ya tatu aliniuliza kama nimeolewa.

Nilipokuwa naondoka aliniita kutoka mlangoni. "Kitu kinaitwa kipya tangu mwaka 1898," akasema. "Sasa wewe na mpira wako mtaitwaje?"

Nilitoka kwake nimeanza kuona karatasi kwa jicho jingine. Kazi ya kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, ni hiyo hiyo, kuamua kipi kifichwe. Nilikuwa nimezoea kujaza. Ukiwa Nairobi vitu vya kubandika havikupungukii: kalenda za maduka, vifuko vya unga, mabango ya kampeni yaliyolowa mvua yakajikunja yenyewe ukutani, vile vikaratasi vya waganga kwenye nguzo za stima vinavyoahidi kurudisha mpenzi aliyepotea na ardhi iliyodhulumiwa, vyote kwa nambari moja ya simu. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 nilibandua ukuta mmoja wa Kariobangi tabaka lenye unene wa kidole, nyuso juu ya nyuso, na nikaenda nalo nyumbani kama mkeka. Nilikuwa nachukua hazina kama ile na kuibandika yote, halafu naongeza taa juu, halafu nashangaa kwa nini jicho la mtu halikai popote.

Wangechi Mutu, ambaye amezaliwa Nairobi, ndiye aliyenifundisha mkasi, ingawa sijawahi kukutana naye. Ukitazama kolaji zake, zile za miili ya wanawake iliyoungwa kutoka picha za majarida na michoro ya vitabu vya udaktari, unaona kwamba ukingo wa mkato unafanya kazi ya kalamu. Hakati picha, anachora kwa kukata. Nilirudi kwenye meza nikatupa nusu ya vikaratasi vyangu. Si kweli. Nilivifungia kwenye gunia, bado ninavyo.

Halafu ikaja Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023. Nilikuwa na kazi kubwa ya kupeleka Jumatatu, futi sita kwa nne, mitaa ya Eastlands usiku, na mistari mitano ya neoni. Nilikuwa nayo karakana peke yangu, nimewasha yote, naipenda. Usiku ule stima ikapotea karibu nchi nzima. Mara ya kwanza mtu hungoja dakika tano, tumezoea. Nikangoja. Baada ya nusu saa nikawasha tochi ya simu ili nitafute mshumaa, na mwanga ukapita juu ya ile kazi.

Hapakuwa na kitu pale. Kulikuwa na mabomba meupe ya plastiki yaliyopauka kama matumbo ya samaki, alama za gundi, nyaya zilizofungwa kwa tepu nyuma ya karatasi zikaacha uvimbe, na picha za majengo nilizozibandika haraka haraka kwa kuwa nilijua taa ingezifunika. Taa ilikuwa imenifichia uvivu wangu, na sasa haikuwepo.

Nilikaa gizani sana usiku ule. Mtaa mzima ulikuwa kimya, jenereta moja tu ilikuwa inanguruma upande wa barabarani. Sikuipeleka ile kazi Jumatatu. Mteja alikuwa mwelewa kuliko nilivyostahili.

Tangu hapo nimebadilisha mpangilio. Ubao unamalizika kwanza bila taa, unakaa ukutani wiki mbili, naupita asubuhi na mchana na jioni kama mtu anavyoipita picha ya harusi ya wazazi wake. Ukinichosha ukiwa umezimwa, taa haitauokoa. Ukisimama, ndipo nachukua uzi wa kufumia, mweupe, nikaupitisha juu ya ubao mahali ninapodhani taa itapita, nikaubana kwa pini. Uzi hauna bei. Nauhamisha mara ishirini. Mkanda wa neoni una alama za kukatia, wangu ni kila sentimita mbili na nusu, ukikata nje ya alama umeua kipande; na unakubali kupinda upande mmoja tu, ukiulazimisha upande mwingine viungo vya ndani vinavunjika na wiki moja baadaye unapata meno meusi katikati ya mstari. Kwa hiyo uzi kwanza.

Ubao nao una adabu zake. Plaiwudi ikipakwa gundi ya maji upande mmoja inajikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Nilipoteza mbao tatu kabla ya fundi wa viti kunionea huruma na kuniambia nibandike karatasi na nyuma pia, hata ya gazeti, ili pande mbili zivutane sawa. Nyuma ya kazi zangu sasa kuna matokeo ya mechi za zamani.

Na mabati. Yaliyoungua ndiyo bora. Gikomba imeungua mara nyingi mno, na bati lililopita motoni hutoka na rangi ambazo hakuna anayeziuza kwenye kopo: buluu ya shingo ya kanga yule ndege, kahawia, mvi. Siyaokoti majivu yakiwa ya moto. Nangoja mpaka wenye vibanda wameshajenga upya na wanauza chuma chakavu kwa kilo, na nanunua kama wengine. Kuna mnunuzi aliyewahi kunishauri niache mabati yenye kutu kwa sababu yanafanya kazi ionekane ya kimaskini. Mwaka 2022 Wajukuu, kikundi cha wasanii wa mtaa wa Mukuru hapa Nairobi, walipoalikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta kule Kassel, Ujerumani, walijenga njia ya kuingilia ukumbi mmoja mkubwa kwa mabati makuukuu. Niliitazama picha ile kwenye simu nikamkumbuka yule mnunuzi kwa furaha isiyo ya Kikristo wala ya Kiislamu.

Mwanga ukiupiga juu ya bati moja kwa moja unarudi usoni kama kofi. Ukiuficha nyuma ya bati, ukaacha nafasi ya kidole kati ya bati na ubao, unamwagika taratibu ukingoni na ile mifuo ya bati inaanza kupumua. Sanamu ninayoipenda zaidi imetokana na jambo hilo dogo. Ni masanduku manne ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni yanayotengenezwa Kamukunji, ambayo kila Januari wazazi huyabeba kichwani kuelekea stendi. Niliyanunua yaliyokwisha kutumika. Yana michubuko, vibandiko vya wachezaji, kufuli zilizovunjwa na mtu aliyekuwa na njaa ya biskuti za mwenzake. Niliyapanga moja juu ya jingine, kila kifuniko kimeachwa wazi kiasi cha kupitisha mkono, na ndani nikazungusha neoni ya manjano usiyoiona hata ukiinama. Unachokiona ni mwanga unaotoka kwenye ufa. Watu wazima wamesimama mbele yake wakaanza kusimulia mambo ya shule bila kuulizwa.

Mara ya kwanza kuyawasha niliweka adapta ndani ya sanduku la chini ili isionekane. Baada ya saa tatu nikapata ile harufu ya Grogan. Chuma kilichofungwa hakipitishi hewa, na adapta hutoa joto. Sasa adapta inakaa nje, peupe, na nimetoboa sakafu ya kila sanduku.

Kile kisutu nilikirudia baada ya usiku wa giza. Nilikuwa nimekikunja nikakiweka kabatini kwa aibu. Safari hii nilianza kwa swali la kitoto: kama taa nyekundu inazimeza nyeupe na nyekundu pamoja, taa ya buluu itafanya nini? Nikawasha kipande cha buluu juu yake. Nyekundu ikawa nyeusi. Kitambaa chekundu hakina cha kurudisha kikipewa buluu, kwa hiyo kinanyamaza. Sasa nyekundu na nyeusi zikawa kitu kimoja, na nyeupe peke yake ikatoka mbele, ikiwaka kama chumvi.

Leso moja, picha tatu. Mchana ni kisutu cha Nyanya kamili. Chini ya nyekundu kunabaki kilichochapwa kwa nyeusi. Chini ya buluu kunabaki kile ambacho mchapaji hakukigusa. Nikaanza kubandika karatasi juu ya leso kwa kufuata kanuni hiyo: mkono wa mwanamke niliukata kwenye karatasi nyekundu nikauweka juu ya sehemu nyeupe, kwa hiyo chini ya nyekundu haupo na chini ya buluu ni kivuli. Uso niliuchapa kwa nyeusi ili usiondoke kamwe. Kazi ina swichi mbili, ziko chini kulia, na mtazamaji ndiye anayezibonyeza. Nilipata shida na jumba moja la maonyesho ambalo lilitaka iwashwe tu muda wote na swichi zifichwe, kwa usalama wa kazi, walisema. Nikaitoa. Sijuti sana.

Nyanya ana miaka themanini na kitu na hapendi kutembea, lakini alikuja. Leso huuzwa doti, mbili kwa pamoja. Alikuwa amenipa moja na kubaki na pacha yake, na nadhani alikuja kuhakikisha sijaiharibu. Tulimkalisha kwenye kiti kizuri cha fundi wa viti. Nikawasha nyekundu kwa mbwembwe.

Akatazama muda mrefu. "Iko wapi leso yangu?"

"Ndiyo hiyo, Nyanya."

"Hii siyo. Zima hiyo taa."

Nikazima. Akaomba ashikwe mkono, akasogea mpaka ubaoni, akapapasa pindo kutoka pembe hadi pembe huku amefumba macho. Alikuta mahali nilipotoboa kwa msumari, akaguna. Alikuta mkono wa karatasi, akaufuata kwa kidole mpaka kiganjani. "Huyu anaomba nini?" akauliza. Nikamwambia haombi, anatandika. Akasema sawa, lakini hakuna atandikaye na dole gumba limesimama hivyo, nami nikaona ni kweli.

"Haya, washa."

Nikawasha. Mkono ukaondoka. Nyanya akacheka, kicheko kile cha ndani ambacho sikukisikia tangu nikiwa mdogo.

"Zima."

Mkono ukarudi.

"Washa ile nyingine."

Tukaendelea hivyo, yeye akiamrisha, mimi nikiinuka na kuinama kama mtu anayeswali, mpaka mara moja nikabonyeza na hakuna kilichotokea. Nikajaribu swichi ya pili. Nje, mashine ya fundi wa viti nayo ilikuwa imenyamaza, na nikasikia akiuliza kwa sauti ni zamu ya nani kununua tokeni za stima. Ilikuwa zamu yangu. Simu ilikuwa mkononi, lakini Nyanya alikuwa bado amesimama mbele ya leso, mwanga wa dirishani ukimjia kwa upande, akinionyesha kwa dole gumba lake mwenyewe jinsi mkono wa mtu anayetandika unavyokaa.